LUGHA YETU: Watakao Kwenda na Watakaokwenda

Hapo zamani kidogo tuliona tangazo mlangoni pa kanisa moja mjini Likasi: "Vijana watakao kwenda Lubumbashi walete nauli siku ya Dominika." Vijana kumi na wawili walikuwa wamekwisha chaguliwa, na hao tu ndio waliotakiwa kulipa. Lakini mama mmoja mjane wa Kikula alilisoma, akamkumbuka binti yake aliyetamani sana kwenda, akauza kuku wake wawili. Alipoleta fedha aliambiwa kwamba jina la mtoto halimo, na watu wengine walimcheka kwamba hajui kusoma.

Sisi twasema kwamba mama yule alisoma barabara. Aliyekosa ni mwandishi.

Yatazameni maneno yenyewe. Katika methali "Atakaye cha mvunguni sharti ainame," neno atakaye lina maana ya mtu mwenye kutaka. Basi watakao kwenda, likiandikwa mbalimbali, ni wale wanaotaka kwenda: kirejeshi chakaa katika kitenzi cha kwanza, na kwenda lafuata peke yake. Watakaokwenda, likiandikwa pamoja, ni wale ambao safari yao ni hakika. Tofauti yote ni nafasi ndogo ya karatasi, nayo katekista asomapo kwa sauti haisikiki vema.

Sababu yake ni ya kale. Ile -ta- ya wakati ujao yatoka katika kutaka. Twasema "atakuja" kwa kifupi, lakini kirejeshi kiingiapo, taka nzima hurudi: atakayekuja. (Waingereza nao wamepita njia hiyo, neno lao will, la wakati ujao, hapo kale lilikuwa kutaka.) Kwa vitenzi virefu hatari ni ndogo, maana ku- yatuonya: atakayesoma ni wa kesho, atakaye kusoma ana hamu tu. Shida i katika vile vifupi, kuja, kula, kufa, pamoja na kwenda, ambavyo ku- yao mara nyingi haitoki.

Nyumbani Likasi hakuna anayepotea hapa. Watoto wetu husema "batoto benye banataka kwenda" na "batoto benye batakwenda," na kila mtu aelewa. Walimu wengine huwakemea kwa ajili ya hilo benye. Ni kweli halifai katika mtihani wa Kiswahili sanifu, lakini si ujinga: latenga kirejeshi na kitenzi, kama ambao ifanyavyo katika vitabu. Mwanafunzi aonaye mashaka na aandike "wanaotaka kwenda" au "ambao watakwenda," wala asione haya.

Tena, vitenzi vikifuatana vitatu, kirejeshi ni kimoja tu, na mahali pake ni mwanzoni: "kazi aliyotumwa kwenda kufanya." Tumepata kuona barua zenye "aliyotumwa kwenda aliyofanya", hiyo ni mizigo miwili juu ya punda mmoja.

Juma lililofuata tangazo lilibadilishwa: "Vijana waliochaguliwa kwenda Lubumbashi." Mama alirudishiwa fedha zake, ila kuku walikuwa wamekwisha kuliwa.