Kwa nini katika telefone kila mtoto ni shefu?



Juma lililopita mama mmoja wa likelemba alitutolea swali ambalo hatujazoea kulisikia. Tumezoea kuulizwa mtoto ashike telefone saa ngapi, au kama macho yake yataharibika. Yeye alisema: "Walimu, nimekaa karibu na mtoto wangu nikaangalia. Kila mchezo anaofungua, yeye ndiye mkubwa. Hakuna hata mmoja ambamo yeye ni mtu wa kutumwa. Kwa nini?"

Tuchukue Clash of Clans, kwa kuwa watoto wengi wakubwa wanaujua. Ni mchezo wa kampuni ya Supercell ya Ufini, uliotoka mwaka 2012. Mtoto akiufungua mara ya kwanza anapewa kijiji. Hajajenga ukuta, hajalima, hajamsaidia mtu, na tayari msichana mmoja anatokea kwenye kioo na kumwita shefu. Hakuna aliyemchagua. Hakuna wazee waliokaa kumjadili. Wajenzi wake wanakimbia akigusa kwa kidole, askari wake wanakufa akiwatuma, na hakuna anayemuuliza mshahara wa mwezi uliopita.

Michezo ya kompyuta ya huko Ulaya na Amerika ni vile vile. World of Warcraft, ambao watu wengi wanaucheza pamoja kwa intaneti tangu 2004, ulitoa mwaka 2016 sehemu iitwayo Legion. Humo kila mchezaji anafanywa mkuu wa chama cha wapiganaji wa aina yake, na kupewa silaha ya hadithi ambayo zamani ilisemwa kuwa ni moja tu duniani. Basi wakuu hao wanakutana katika ukumbi mmoja, kila mmoja na silaha yake ya pekee, na wote zinafanana. Tukiwaeleza watoto wa klasi jambo hili wanacheka sana. Lakini hawaoni kwamba na shefu wao wa kijiji ana mamilioni ya wenzake.

Sababu ya kwanza ni ya ufundi, na sisi walimu tunaielewa kwa kuwa tunaitumia kila siku. Tukiandika hesabu kwenye tablo tunasema: "Wewe unauza sombe, una mafungu 12, umeuza 7." Hatuandiki: "Wewe ni mtoto wa kubebea mizigo ya mwenye sombe, subiri atakachosema." Anayetunga mchezo ana mtu mmoja tu ambaye ni hakika atakuwepo, yaani yule anayeshika telefone. Wengine wote ni wanasesere. Akimfanya mchezaji kuwa msaidizi wa tatu, basi mwanasesere ndiye atakayeamua na mtoto wa kweli atakaa akingoja. Kungoja si mchezo. Mtoto atafunga telefone aende kucheza mpira.

Sababu ya pili ninyi wamama mnaijua kuliko sisi. Hapa kwetu mtu akikuita "patro" au "mama mukubwa" njiani, mkono wako unashika mfuko kabla hujamtazama usoni. Kijana wa kuosha gari, mwenye kubadilisha franka, wa pikipiki, wote wanajua neno hilo lina kazi gani. Mchezo nao unajua. Clash of Clans ni wa bure, Free Fire ni wa bure, lakini ndani yake kuna duka. Katika Clash of Clans wanauza mawe ya thamani ili jengo limalizike sasa hivi badala ya kesho. Katika Free Fire wanauza almasi ili mchezaji avae vizuri kuliko wenzake. Mtu wa kutumwa hawezi kuuziwa nguo za kifalme. Lazima kwanza umwite mfalme, umzoeze, halafu umwonyeshe kwamba ufalme wake una aibu kidogo bila lile vazi la almasi. Hapo ndipo namba ya siri ya mobile money ya mama inapoanza kutafutwa.

Sababu ya tatu inatoka kwa mtoto mwenyewe, na hapa tunaomba tuende polepole. Mtoto wa miaka 12 wa Tenke anaamka akitumwa maji. Anafika masomoni, sisi tunamwambia simama, kaa, nyamaza, futa tablo. Anarudi, yaya yake anamtuma makala, baba anamtuma unite, jirani anamtuma chumvi. Wako wengine, na ninyi mnawajua, wanaoshinda wakiosha mawe ya madini au kubeba mifuko kwa watu wazima, chini ya kapita anayewahesabia mifuko jinsi anavyotaka. Jioni mtoto huyo anaazima telefone kwa nusu saa, na kwa nusu saa hiyo kuna mahali duniani ambapo akisema jambo linafanyika. Sisi hatuwezi kumlaumu kwa kupapenda mahali hapo.

Tunachokataa ni aina ya ukubwa anaoonyeshwa. Watu wa kijiji chake hawali, hawaugui, hawazai, hawamkatalii. Ukubwa ambao hakuna anayeweza kuukataa hauna kazi ya kufundisha.

Lakini tuwe wa haki, kwa sababu mchezo huo huo una shefu mwingine, na wamama wachache wanamjua. Wachezaji wanaweza kujiunga katika ukoo, watu wa kweli hadi 50, wengine wa Kolwezi, wengine hata wa nchi nyingine. Katika ukoo kuna mwanachama wa kawaida, kuna mzee, kuna msaidizi wa kiongozi, na kuna kiongozi mmoja tu. Huyu hawezi kuamuru kwa kidole. Akitaka wenzake watume askari wa kusaidia, anaomba. Anaweza kumfukuza mvivu, lakini akifukuza ovyo wazuri nao wanaondoka na anabaki na ukoo wa jina. Kijana mmoja wa sekondari alitulalamikia kwamba watu wake wanapokea askari na hawatoi, halafu vita ikianza wanasema mega zimeisha. Tulimwambia aende amuulize mama yake, mtunza sanduku wa likelemba, jinsi anavyofanya na wale wanaochukua zamu yao ya kwanza halafu hawaonekani. Alishangaa kwamba mama anajua jambo hilo. Hata Free Fire, pamoja na bunduki zake ambazo hatuzipendi, ukichezwa wanne wanne unamlazimisha mtoto kurudi kumwinua mwenzake aliyeanguka, la sivyo kundi lote linakwisha.

Kwa hiyo mama akimkuta mtoto na telefone, si kazi bure kumuuliza: leo wewe ni shefu wa wanasesere au wa watu?

Watoto wetu wanayo pia hadithi ya mkubwa mwingine, nayo ni ya kwao kabla ya telefone yoyote. Ni ile ya Kalala Ilunga wa Waluba, ambayo wazee wanaisimulia kwa njia zaidi ya moja. Kalala Ilunga alikuwa mtoto wa Bulanda na wa mwindaji Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki. Hakuanza kwa kuitwa mulopwe. Alianza kwa kumtumikia mjomba wake Nkongolo, akimpigania vita na kumshindia nchi. Mjomba aliona wivu, akachimba shimo, akaweka mikuki ndani na kulifunika kwa mikeka, akamwita mpwa wake acheze ngoma mahali pale. Nani alimwokoa? Si nguvu zake mwenyewe. Mpiga ngoma alimwonya kwa mapigo ya ngoma, naye akaruka akakimbia, akavuka mto Lualaba kwenda kwa baba yake, ndipo akarudi na jeshi. Kama angekuwa shefu wa telefone asingekuwa na sababu ya kuisikiliza ngoma. Tukiwauliza watoto wangependa kuwa nani katika hadithi hii, wengi wanajibu Kalala Ilunga, lakini kila mwaka wako wawili watatu wanaojibu mpiga ngoma, na hao tunapenda kuwasikiliza wakieleza kwa nini.

Kuna mchezo mmoja ambao uliufanya ukubwa wenyewe kuwa jambo la kuona aibu, na unatuhusu sisi watu wa madini. Unaitwa Phone Story, ulitoka Septemba 2011, ulitengenezwa na Molleindustria, kazi ya mtunzi Mwitaliano. Katika sehemu yake ya kwanza mchezaji ndiye mkubwa, lakini mkubwa wa nani? Wa watoto wanaochimba koltani hapa Kongo. Mtoto akisimama kupumzika, wewe unamsogeza askari mwenye silaha amkemee arudi kazini. Usipofanya hivyo, unashindwa. Apple iliuondoa katika duka lake la programu muda mfupi tu baada ya kutoka. Hatusemi muutafute muwape watoto. Tunausimulia kwa sababu ulisema wazi jambo ambalo michezo mingine inalificha: chini ya kila mkubwa kuna mtu anayebeba. Koltani si ya milima yetu, sisi ni wa shaba na kobalti, lakini kobalti hiyo imo katika betri za telefone ambazo watoto wanazishika wakiitwa shefu.

Masomoni tunajaribu hivi. Tukigawa kazi ya kupima kiwanja kwa kamba, wanne wanne, zamani kila mmoja alitaka kushika daftari na kuamuru wengine watatu. Sasa kazi zinazunguka: mmoja anashika kamba, mmoja anasoma kipimo, mmoja anaandika, na mmoja hafanyi kitu ila kuhakikisha kwamba wale watatu hawakukosea. Kazi hii ya nne hakuna aliyeitaka mwanzoni. Basi tuliwaambia wafikirie gare yetu. Tenke iko mahali reli inapogawanyika. Inayotoka Likasi inaweza kwenda Bukama na Kamina, au inaweza kugeuka kwenda Kolwezi na Dilolo. Wote wanamwona mwendeshaji aliyekaa mbele. Yule wa kugeuza reli hawamwoni, naye ndiye anayeamua kama mwendeshaji na kiburi chake atafika Kolwezi au atajikuta Bukama. Tangu siku ile kazi ya nne inagombaniwa, na msichana mmoja mnyamavu amekwisha kumrudisha shefu wake mara mbili kupima upya.

Nyumbani inawezekana pia, na haina gharama. Mpe mtoto kitu kimoja ambacho yeye ndiye mkubwa wake kweli: kuku, au makala, au maji ya jioni. Kisha usikumbushe. Makala yakiisha saa ya bukari kwa sababu shefu alisahau kusema, wote wataona, na yeye ataeleza mbele ya wote. Akipanga vizuri, msikilizeni anaposema mfuko huu umepanda bei tununue kule. Jambo gumu hapa ni la mama, si la mtoto: kukaa kimya huku unaona makala yanapungua.

Juma lijalo tutaandika juu ya namba ya siri ya mobile money na zile almasi, kwa sababu wamama wawili wametuletea telefone zao tayari. Wenye jambo la kuongeza watukute Jumatano baada ya masomo, chini ya mwembe.