SHERIA YA MTOTO: WANAOIHITAJI NDIO WASIOIJUA

Ndugu wanachama,

Mwaka 1961 tuliishusha bendera ya Mwingereza. Lakini sheria yake ya watoto, aliyoitunga mwaka 1937, hatukuishusha. Iliendelea kuwahukumu watoto wa Tanganyika, na kisha wa Tanzania Bara, kwa miaka 48 baada ya Uhuru, mpaka Bunge lilipopitisha Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Hapo tukapata sheria yetu wenyewe. Nauliza: ni wangapi kati yetu wanaoijua?

Nauliza kwa uchungu. Katika ziara ya matawi, mkutano umekwisha na jioni imeingia, mama mmoja alinijia analia. Mwanawe wa miaka 15 ametuhumiwa kuiba baiskeli, na siku ya nne hiyo yuko korokoroni pamoja na watu wazima. Mama ameuza mbuzi wawili ili apate "fedha za dhamana." Katika daftari la kituo kijana ameandikwa kuwa na miaka 19. Nani aliyeitaja 19? Hapana ajuaye.

Nikamwuliza, "Mama, kadi yake ya kliniki unayo?"

Akajibu, "Ipo nyumbani, mwanangu. Sikujua kuwa ina kazi huku."

Kesho yake kadi ililetwa, kijana akatoka. Mbuzi hawakurudi.

Ndugu zangu, aliyezila mbuzi zile anajua sheria; aliyeziuza haijui. Huo ndio unyonyaji ulivyo siku zote: hustawi penye giza.

Basi na tuwashe taa. Sheria yasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Aliye mdogo sana hana hatia ya jinai kwa tendo lolote. Aliyemzidi huyo umri kidogo hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na akili ya kujua kuwa atendalo ni kosa. Mtoto akikamatwa hachanganywi na watu wazima, na mkuu wa kituo yampasa kumwachia kwa dhamana ya mzazi wake, isipokuwa kwa sababu nzito kama shtaka la kuua. Na dhamana haiuzwi! Kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, faragha, mzazi na Afisa Ustawi wa Jamii wakiwapo. Ana haki ya kuwa na wakili, na haki ya kueleza ya moyoni mwake. Na hata akionekana ana hatia, hapana hakimu mwenye ruhusa ya kumfunga jela.

Wako wanaonung'unika, ati sheria hii inalea wezi. Huo ni uwongo. Mahakama yaweza kumweka mtoto chini ya uangalizi, yaweza kumlipisha mzazi, yaweza kumpeleka shule ya maadilisho kule Irambo, Mbeya. Kosa halisamehewi ovyo. Linalokataliwa ni kumtia mtoto katika chumba kimoja na majambazi, kisha kushangaa akitoka jambazi. Mimi nilisomea ualimu. Mtoto hujifunza kwa yule aliyekaa naye. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumkunja siko kumvunja.

Wengine husema sheria ni kazi ya mawakili. Maneno hayo tuliyasikia zamani kwa mabwana wakubwa: utawala si kazi yenu. Kweli, sheria hii ilitungwa kwa Kiingereza. Lakini mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu mwaka 2017 iko sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Udhuru umekwisha. Lililobaki ni uvivu, na uvivu huo ni wetu sisi viongozi. Tunajua kuwaita watu kupiga kura. Hatujui kuwaita kusikia haki zao.

Kwa hiyo kila tawi liisome sheria hii kwa sauti, mbele ya wazee, akina mama na vijana wenyewe. Kila mzazi atunze kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa kama atunzavyo shamba lake. Walimu, rejista zenu za shule ni ushahidi wa umri, ziandikeni vizuri. Mtoto akikamatwa, mwenyekiti wa tawi na mzazi waende kituoni pamoja, siku ile ile, waseme umri wake na wamtake Afisa Ustawi wa Jamii. Na sokoni ikisikika kelele ya "Mwizi!", mwanachama asiwe wa kuokota jiwe. Awe wa kuzuia mkono.

Yule mama hakuomba huruma. Aliomba kuambiwa. Tumwambie leo, kabla mama mwingine hajauza mbuzi.

Uhuru na Haki!

Ni mimi,
Mwenezi wa Wilaya