Je, Chumba Kilichofungwa ni Hospitali?

Muhula uliopita Chama chetu cha Mjadala kilijadili hoja hii: kwamba haifai fedha za umma zitumike kuwatibu watu waliojitia wenyewe katika dawa za kulevya. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga, nasi tulishindwa vibaya. Sina kinyongo. Msemaji wa kwanza wa upande wa pili alisema vizuri kuliko mimi, na alipotamka kwamba aliyejichoma kwa moto wake na auguze kidonda chake mwenyewe, ukumbi mzima ulipiga makofi, na wengine wakakanyaga sakafu kwa miguu hata mwenyekiti akagonga meza. Lakini nilikuwa na neno ambalo sikulisema siku ile, maana nilijua sauti yangu isingefika mwisho wake. Basi naliandika hapa, wenzangu na wazee mliotutangulia shuleni mlisome kwa utulivu.

Shangazi yangu alikuwa na mwana aliyenitangulia kwa miaka sita. Alikuwa utingo wa malori yaendayo Mombasa, na huko ndiko alikoanza kutumia heroini, ambayo watu wa pwani huiita unga. Alirudi nyumbani amekonda, na baada ya miezi michache hakuna kitu cha kuuzika kilichosalia mle ndani. Mwaka 2023 wazee wa ukoo walikaa, wakakata shauri afungiwe katika ghala ya mahindi mpaka unga umtoke. Siwalaumu. Hawakuwa wakatili, shangazi mwenyewe alilala nje ya mlango ule siku zote, juu ya mkeka. Mimi nilikuwa likizo, nikapewa kazi ya kupeleka maji.

Usiku wa kwanza alipiga miayo tu, akatokwa na machozi na kamasi kama mwenye mafua. Kesho yake ngozi ilimsisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa, jasho likamtiririka huku akisema anasikia baridi. Siku ya pili na ya tatu alitapika na kuharisha, miguu ikarusha mateke yenyewe, naye akalia kwamba mifupa yake inapondwa. Hali hiyo aliiita arosto, neno alilolipata pwani. Aliniomba nimfungulie. Sikumfungulia. Siku ya tano alianza kunywa uji, na siku ya tisa mlango ulifunguliwa, akaoga, akakaa na watu barazani. Shangazi alichinja kuku na majirani wakaja kushukuru pamoja nasi. Sote tuliamini kwamba amepona.

Majuma sita baadaye alikutana na wenzake wa zamani, akajidunga kiasi kile kile alichokizoea. Asubuhi alikutwa amekufa nyuma ya kituo cha malori.

Watu walisema unga umemwua, na ni kweli. Lakini tangu hapo nimesoma kadiri nilivyoweza, na nathubutu kusema kwamba ghala nayo ilikuwa na sehemu yake katika kifo kile.

Tufikiri juu ya mchezo wa kuvuta kamba siku ya michezo. Upande mmoja yupo unga, nao huvuta mambo ya mwili yaende polepole: matumbo yanalegea, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi inapungua. Mwili haukubali kuvutwa hivyo kila siku, basi nao huweka watu wake upande wa pili, wavute kwa nguvu iliyo sawa. Siku unga unapokosekana ghafula, ni kama upande mmoja umeachia kamba: upande wa mwili unaanguka chali. Matumbo yaliyolegezwa sasa yanakimbia, mboni inapanuka, moyo unapiga mbio, usingizi unatoweka. Hiyo ndiyo arosto. Kwa mtu wa heroini huanza kati ya saa 8 na 12 baada ya kipimo cha mwisho, hufikia ukali wake siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hutulia baada ya juma moja hadi siku 10. Tamaa ya kuirudia heroini hubaki miezi mingi.

Sasa likumbukeni lile kundi la mwili lililokuwa likivuta. Likiisha kukosa mpinzani, siku baada ya siku hutawanyika. Mtu akiurudia unga kwa kipimo chake cha zamani, upande wa pili hayupo wa kuushindana, na pumzi huvutwa chini mpaka inakoma. Ndivyo alivyokufa ndugu yangu. Wakati wa kuogopwa kuliko wote ni ule unaofuata kuacha: mtu anapotoka gerezani, anapotoka hospitali, au anapotoka katika ghala ya mahindi huku nyumbani kunachinjwa kuku.

Upande wa pili walisema pia kwamba arosto haiui, basi mtu na avumilie. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kweli kwamba haiui mara nyingi. Hata hivyo kutapika na kuharisha siku nyingi, pasipo mtu wa kurudisha maji na chumvi mwilini, kumewaua watu waliofungwa katika magereza ya Marekani, na maandishi yapo. Tena mwanamke mwenye mimba hapaswi kuachishwa ghafula, kwa kuwa mtoto tumboni aweza kudhurika. Nani katika ukoo wetu aliyeyajua hayo?

Madaktari hufanyaje? Hawaanzi kwa kufuli. Wanamwuliza mgonjwa ametumia nini na lini mara ya mwisho, kisha wanampima kwa alama: mapigo ya moyo, mboni, jasho, miayo, maumivu ya mifupa. Humpa methadoni au buprenofini, ambazo ni za jamaa moja na heroini lakini hukaa mwilini muda mrefu na hazimrushi mtu juu na kumwangusha chini. Buprenofini yataka uangalifu: ikitolewa kabla dalili za arosto hazijaonekana, yenyewe huileta arosto kwa kishindo. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo, mgonjwa akinyweshwa maji na kutazamwa.

Hata hivyo nisingependa mtu adhani kwamba nafanya kampeni ya juma moja la kitanda cha hospitali badala ya juma moja la ghala. Mwili uliosafishwa hospitalini husahau kipimo cha zamani sawasawa na ule uliosafishwa ghalani. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilishauri kwamba walio wengi wafaidika zaidi wakiendelea na dawa kwa muda mrefu, pamoja na mashauri na msaada wa kurudi kazini, kuliko kuachishwa upesi na kuagwa. Mgonjwa huja kila siku, hunywa methadoni mbele ya muuguzi, kisha huenda shughuli zake. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kazi hiyo mwaka 2011. Kenya ikafuata mwishoni mwa mwaka 2014 pale Mathari, Nairobi. Na kwetu Uganda ilianza Butabika mwaka 2020. Angalieni tarehe hiyo. Sisi tulifunga ghala mwaka 2023, na kutoka kwetu mpaka Butabika ni safari ya basi moja. Hatukujua.

"Huko ni kubadili ulevi kwa ulevi," alisema msemaji wa tatu, na hapo ndipo tuliposhindwa kabisa, kwa maana sikuwa na jibu. Jibu nimelipata nyumbani. Babu yetu alipougua saratani, muuguzi alituletea chupa ya mofini ya maji. Uganda inajulikana kwa kazi hiyo tangu Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mofini hutoka katika afyuni, na heroini hutengenezwa kwa mofini. Babu alikunywa kwa kipimo, kwa saa, akaweza kulala na kuzungumza nasi. Tena tulikatazwa tusimkatishe ghafula, asije akapatwa na kutetemeka na kuharisha. Yule mzee hakuwa mlevi, na bado mwili wake ungelifanya vile vile kama wa mwanawe shangazi. Kama arosto ni adhabu ya kosa, babu yangu angeadhibiwa kwa kosa gani?

Nakubali kwamba methadoni si uji. Mtu asiyeizoea aweza kufa kwayo, na ikichanganywa na pombe ni hatari zaidi. Ndiyo sababu haigawiwi mtu aende nayo ovyo. Nakubali vile vile kwamba kuja kliniki kila siku ni mzigo mkubwa kwa mtu asiye na nauli. Juu ya fedha za umma nasema hili tu: kuchimba kaburi nako kulitugharimu, na shangazi tangu siku ile hajaweza kulima.

Nimemwomba katibu wa Chama cha Mjadala airudishe hoja hii muhula ujao. Amekubali kwa sharti kwamba nilete mtu aijuaye kazi yenyewe, daktari au muuguzi, asikilizwe kabla ya kura. Najua miongoni mwa wanafunzi wa zamani wasomao gazeti hili wamo watu wa kazi hiyo. Aliye tayari kutupa Jumamosi moja na amwandikie katibu kabla ya shule kufunguliwa.