Cherehani Si Pole

Kuna sentensi moja nimeiskia mpaka nikachoka nayo: "Kama shule imemshinda, si anunuliwe tu cherehani."

Hebu angalia hiyo "tu". Shida yote imelala hapo. Hakuna mtu husema "anunuliwe tu trekta" ama "anunuliwe tu lori". Trekta ni mali, lori ni mali, hizo watu hukaa chini wapige hesabu. Cherehani ni "tu".

Kenya hii tumegeuza cherehani kuwa pole. Msichana akipata mimba kidato cha pili, cherehani. Mama akifiwa na bwana, cherehani. Kijana akiacha chuo, cherehani. Uchaguzi ukikaribia, utaona zimepangwa uwanjani zimefungwa utepe, na mheshimiwa ameketi kwa moja anapigwa picha akijifanya anakanyaga. Uzi hakuna. Kitambaa hakuna. Na hakuna hata mtu mmoja ameuliza wale akina mama: nyinyi mnataka kushona nini?

Halafu sasa kichekesho. Huyo huyo mnayemrushia mashine hakuomba, siku akisema anataka kujinunulia yake, mpya, ya kazi anayoijua, mnashika kichwa. Ati anasa. Ati anajifanya mzungu. Ati kwani ile ya shosho iko na shida gani.

Msimamo wangu ni huu na sitautoa: anayeijua kazi ndiye achague mashine. Mjomba akae kando, mheshimiwa akae kando, mfadhili akae kando na kamera yake.

Mimi nashona kwilti. Kwa wale hamjui, kwilti ni lile blanketi la viraka lenye tabaka tatu: juu vipande vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Ukimaliza kuunganisha unashona tabaka zote tatu pamoja, mistari juu kwa chini, ndio pamba isikusanyike kona moja kama uji.

Niliacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo, na ndiyo, kikao cha familia kilifanyika, na ndiyo, ile "tu" ilisemwa. Wajomba walikuwa tayari kuchanga ninunuliwe mashine ya kushona sare za shule. Nikawashukuru. Nikawaambia nataka mashine ya kwilti, na nitajichangia mwenyewe. Mjomba wangu mkubwa akaniangalia akaniuliza, "Mama, kwani blanketi zimeisha Kenya?"

Hapana mjomba, hazijaisha. Lakini hata sare hazijaisha. Hapa mtaani mafundi wanaoshona sare wamejaa veranda yote, na Januari ikiisha wanaanza kuangaliana. Kunipeleka kwa foleni ambayo tayari ni ndefu si kunisaidia, ni kunitoa tu kwa macho yenu.

Sasa tuingie kwa mashine yenyewe, juu wengi hubishana na hawajawahi kukunja hata pindo.

Chukua kwilti ya kitanda cha tano kwa sita, ikianguka kidogo pande zote. Tuseme upana ni sentimita 180 na urefu 210. Ukitumia viraka vya sentimita 15, unahitaji 12 kwa upana na 14 kwa urefu. Hivyo ni viraka 168. Kila mstari wa upana uko na viungo 11. Sasa skiza: mshono wako ukiingia ndani milimita 1 pekee zaidi ya ile ulipanga, kila kiungo kinakula milimita 2, moja kila upande. Viungo 11 vimekula sentimita 2 na zaidi. Mstari mmoja umekuwa mfupi, wa pili uko sawa, na sasa kona hazikutani. Gauni linaweza kusamehe hiyo. Kwilti haisamehi. Ndio maana mtu wa kwilti hutafuta mguu wa mashine unaopima robo inchi, na mashine isiyotoroka na kitambaa ukianza kushona.

Bado. Zile tabaka tatu zikishaungana, lazima uzipitishe zote kwa mashine. Ukiwa unashona katikati ya kwilti ya upana wa 180, sentimita 90 za kitambaa na pamba ziko upande wa kulia wa sindano, zimekunjwa kama mkeka, na zinapaswa kuenea ndani ya ile nafasi iko chini ya mkono wa mashine. Mashine nyingi ndogo za nyumbani nafasi hiyo ni kama kiganja na nusu. Utasukuma, utavuta, utatukana. Kuna mashine nafasi yake ni pana zaidi, na hiyo upana si urembo, ni mgongo wako.

Tena kuna meno yanayovuta kitambaa kutoka chini. Yakivuta tabaka ya chini na ya juu ikibaki nyuma, kwilti inajikunja mikunjo. Kuna mguu maalum unaotembea juu ukivuta pamoja na meno, na kuna mashine zinazokuruhusu kushusha meno kabisa ndio uzungushe kitambaa na mikono uchore maua kwa uzi. Hivyo vitu ndivyo naulizia dukani. Mwenye duka akinionyesha mishono 200 ya maua na vipepeo, mimi natabasamu tu. Kwilti karibu yote ni mshono mmoja, mnyoofu.

Najua mtasema: si ile nyeusi ya kukanyaga inapiga mshono mnyoofu? Inapiga, na inapiga safi. Kwa kuunganisha viraka ile mashine ni mzee wa kuheshimiwa. Haijui tokeni, haijui stima kupotea, na fundi wa kuitengeneza yuko kila soko. Kama unaishi mahali stima hutembelea kama mgeni, na umeipima ukaona kazi yako inaingia, ichukue na nitakupigia makofi. Ninachokataa ni mtu mwingine kukuamulia kwamba hiyo ndiyo inakutosha juu wewe ni maskini.

Na wale wa ng'ambo, mashangazi wetu wa Marekani, nawapenda lakini tuskizane. Mashine ya huko imetengenezewa stima ya volti 120. Yetu hapa ni 240. Ukinitumia bila kuuliza, nikichomeka moja kwa moja, tutanusa moshi kabla ya mshono wa kwanza. Zawadi ambayo hukuuliza mpokeaji inaweza kuungua kihalisi.

Sasa hoja yenu kubwa: "Hakuna soko." Eti Mkenya hatanunua viraka.

Huko Alabama, Marekani, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend. Wanawake weusi, wajukuu wa watumwa, walikuwa wakishona kwilti na nguo za kazi zilizoraruka, kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi na pesa hakuna. Mwaka wa 1966 wanawake wa huko na majirani zao walianzisha ushirika wao wa kushona. Mwaka wa 2002 kwilti za kijiji hicho zilitundikwa ukutani kwa jumba la makumbusho ya sanaa Houston, kisha New York. Mwaka wa 2006 posta ya Marekani ikaziweka kwa stempu. Hizo hizo suruali zilizoisha magoti.

Simaanishi ukishona leo, kesho uko New York. Kwilti huuza polepole na hiyo lazima uijue. Na ndiyo, wengi wao walishona kwa mkono. Walitumia walichokuwa nacho, na mchoro walichora wenyewe, hakuna mtu aliwapangia. Namaanisha usiniambie viraka havina thamani wakati fundi wa kila veranda anafagia vitenge kila jioni vikajazwe kwa mito ama vitupwe jaani, na jinzi za mitumba zinazokataliwa Gikomba zinageuka matambara. Malighafi tumeikanyaga. Tunasema hakuna soko kabla hata hatujatundika moja watu waione.

Na hii ya anasa ndiyo hunichoma kabisa. Msee akichukua simu kali kwa lipa mdogo mdogo, mnamwambia hongera. Anailipia kila siku, na kazi yake ni kutuangalia sisi hapa. Mimi nikitaka kulipia mashine hivyo hivyo, mnaniombea. Mnajua nani alieneza hiyo mambo ya kulipa kidogo kidogo? Kampuni ya Singer, miaka ya 1850, ikiuza cherehani. Walijua mshonaji hana pesa zote leo, lakini mashine itamsaidia kuzitafuta. Yani cherehani ilikuwa kwa hiyo laini miaka mia moja na zaidi kabla ya simu yako.

Basi, wewe unayetaka kununua: usiende dukani mikono mitupu. Beba tabaka zako tatu, na kipande cha jinzi juu yake. Keti wewe, usimwachie muuzaji akushonee na kitambaa chake chepesi. Anza polepole, uone kama inaanza bila kuruka. Geuza kitambaa uangalie uzi wa chini. Uliza kama meno yanashuka. Uliza bobini na miguu ya akiba inapatikana wapi, na sindano ni zile za kawaida za nyumbani ama mpaka ziagizwe. Uliza nani huitengeneza ikikwama. Akishindwa kujibu, shukuru, toka.

Na wewe unayetaka kumsaidia mtu: kabla ya utepe na picha, uliza swali moja. "Unataka kushona nini?" Akikuambia sare, sawa. Akikuambia mabegi, sawa. Akikuambia kwilti, usicheke. Na kama pesa yako haifiki bei ya mashine anayotaka, mpe hiyo kidogo uliyo nayo aongezee. Atajua pa kuiweka. Akikuambia hataki kushona kabisa, hiyo pia ni jibu, na cherehani yako itakuwa meza ya kuweka redio.

Mimi yangu bado naichangia. Nimefika zaidi ya nusu, na nikiinunua itakuwa mpya, nimeichagua, nimeijaribu, risiti iko na jina langu. Mjomba atakuja kuona. Na kwilti ya kwanza nitamuuzia yeye, bei kamili, hakuna ya familia.

Kama uliwahi kupewa cherehani hukuomba, niambie hapo chini iko wapi saa hii. Nataka tuhesabu.