Bibo Lenye Jicho
Mwalimu wa sanaa aliwaambia watoto wachore ndoto, na binti mmoja wa hapa Mandawa akachora mkorosho unaotembea kwa miguu ya kuku, kila bibo lina jicho, na korosho inayoning'inia chini yake ni sikio. Baba yake akaguna: "Hiki ndicho ninachonunulia madaftari?" Mzee wangu, tulia. Kitu hicho kina jina kubwa, usarealisti. André Breton alikitolea ilani kule Paris mwaka 1924. Ila sisi wa kusini hatukuhitaji ilani. Mashetani ya mpingo yaliyochongwa na Wamakonde, yenye mguu ulioota tumboni na masikio mapana kama ungo, yaliuzwa sana Dar es Salaam. George Lilanga, mtoto wa kusini huku aliyefariki mwaka 2005, akayapaka rangi za enameli, Ulaya wakapigania kununua. Na kusema kweli, tunda linalobeba mbegu yake nje lilikuwa kituko hata kabla ya kuchorwa. Binti ana penseli tatu tu za rangi. Mwenye kopo la rangi lililobaki baada ya kupaka mlango, alipeleke shuleni.