Si Kila Homa ni Malaria: Acheni Kupiga Windows Hovyo

Nimepotea hapa wiki mbili tatu, si mnajua test za katikati ya muhula zinavyobana. Leo nimerudi na ugomvi, na ugomvi wenyewe nauleta nyumbani, kwetu sisi wa ualimu. Nawasema hasa nyie ambao laptopu ikiganda kidogo tu mshabeba begi: "Mi mambo hayo siyajui, nampelekea fundi apige Windows."

Hivi nani aliwaambia tatizo ni Windows?

Nchi hii tulishawahi kutibu hivyo hivyo kwa watu. Ukisikia homa, unameza dawa ya malaria, basi. Klorokwini ikachoka, mwaka 2001 tukahamia SP, mwaka 2006 ikaja dawa mseto, na baadaye ndipo vipimo vya haraka vikasambaa hadi zahanati za vijijini. Leo ukifika na homa unatobolewa kidole kwanza. Laptopu zetu peke yake ndizo bado zinatibiwa kwa kubahatisha, tena na wasomi wa chuo kikuu.

Nawapa mfano ulio hai. Chumbani tuko wanne na tuna mashine moja ya kazi nzito, Dell Precision M4800, toleo la mwaka 2013. Nene, ukiipakata unajua umepakata kitu. Bumu lilipotoka tulichangishana tukaichukua imetumika, kwa sababu ramani za jiografia kwenye QGIS na video za mazoezi ya kufundisha zilikuwa zinaziua laptopu zetu nyembamba. Hii ina prosesa ya Core i7 yenye viini vinne, nafasi nne za RAM zinazofika GB 32, na sehemu kubwa ya ndani unaweza kuifungua kwa bisibisi ya kawaida ukabadilisha. Ni mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya mainjinia.

Baada ya muda ikaanza kujivuta. Kufungua ramani moja unaenda kuchota maji unarudi. Ikapelekwa kwa fundi nyuma ya steshenari. Akapiga Windows, elfu kumi na tano. Siku ya nne ikarudia. Akapiga tena. Ikarudia. Akapiga ya tatu. Elfu arobaini na tano imeondoka na mashine bado inatambaa kama konokono.

Pesa si kitu. Ile mara ya pili, folda ya utafiti ya mwenzetu, madodoso aliyokuwa ameyaingiza kwa mwezi mzima, ilifutika yote. Fundi alisema amefuta "C tu." Sasa vitu vyote tunavyovirundika kwenye desktop vinakaa wapi kama si huko huko C? Mwenzetu alikaa siku tisa akiingiza upya karatasi moja moja, na tarehe ya kukusanya haikusogezwa hata siku moja.

Na ugonjwa ulikuwa nini? Chaja.

Hatukuhitaji maabara. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, nenda sehemu ya Performance utazame kasi ya prosesa. Yetu ilitakiwa kuwa GHz 2.7 na kupanda zaidi ikizidiwa na kazi. Ilikuwa imeganda kwenye 0.78, hata ukiipa kazi ya namna gani. Joto halikuwepo, feni ilikuwa kimya. Basi tukaangalia umeme. Mashine hii inataka chaja ya wati 180, na chaja za Dell za aina hii zina pini nyembamba katikati inayoiambia mashine "mimi ni chaja fulani, wati kadhaa." Muuzaji alitupa ya bandia, pini ipo lakini haisemi kitu. Mashine isipoitambua chaja inajipunguza kasi ili ijilinde, na betri inaweza isichajiwe kabisa. Hata onyo lilikuwa linatokea ikiwashwa, kwamba aina ya chaja haitambuliki, na fundi alikuwa akilipita kwa kubonyeza kitufe ili awahi kuchomeka flashi yake. Tukaazima chaja halisi kwa jamaa wa uinjinia. Dakika hiyo hiyo kasi ikapanda ikavuka 3. Hata ungepiga Windows mara mia, chaja ile isingesema kitu.

Kwa hiyo kabla hujambebea mtu mashine yako, pima. Task Manager ile ile inakuonyesha mambo manne. Kasi ikiwa chini muda wote, tafuta umeme au joto. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 na wewe hufanyi kitu, mshuku diski ya kuzunguka. Hiyo husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA hufika kama 500 na haina sahani ya kusubiri izunguke. RAM ikijaa, hapo ndipo ununue RAM, tena ya aina yake. M4800 inakula DDR3L, ukileta DDR4 haiingii hata kwenye tundu. Na vyote vikiwa shwari ila programu moja ndiyo inakula kila kitu, iondoe hiyo programu.

Skrini ya bluu inayotokea ovyo? Acha MemTest86 izunguke usiku kucha, kisha jaribu kipande kimoja kimoja cha RAM. Diski inagonga tik tik? Usiwashe washe, hamisha kazi zako kwanza. Inachemka na feni inalia? Zima, toa chaja na betri, fungua mfuniko, safisha vumbi kwa brashi, na ile pesti iliyokauka juu ya prosesa uipake upya. Kwenye Dell hizi ukibonyeza F12 wakati inawaka kuna vipimo vya kiwandani humo humo ndani, na kitabu chake cha ufundi kinapatikana bure kwenye intaneti.

Najua mtanijibu. Mtasema mbona kuna watu wamepiga Windows wakapona? Ndiyo, na dawa mseto inaponya malaria, kama malaria ipo. Mtasema fundi naye anatafuta riziki. Sawa, mlipeni kwa kupima, mbona daktari tunamlipa? Kijana wa watu anauza kile mnachokiulizia mlangoni, na nyie mnaulizia Windows.

Wengine mtasema mashine ya 2013 ni chuma chakavu, kwani Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za umri huo. Hapo mna hoja. Lakini Ubuntu inaingia bila manung'uniko, ni bure, na QGIS, R na LibreOffice zote zinafanya kazi humo. Tena unaepukana na zile Windows za kuibia, zinazokuja na virusi vyake ndani ya flashi ya fundi.

Kinachoniuma hasa ni lile neno "mi siyajui." Ndugu zangu, tukimaliza hapa tunaenda kupangiwa shule. Utafika sekondari moja huko, mkuu wa shule atakukabidhi ufunguo wa chumba chenye kompyuta sita za msaada, nne zimefunikwa kitambaa kwa sababu "zimekufa." Hakuna steshenari karibu. Watoto watakutazama wewe, mwalimu uliyetoka chuo kikuu. Utasema hujui? Pengine tatu kati ya hizo zimejaa vumbi tu, na hakuna mtu aliyewahi kuzifungua akaangalia.

Mtu anayeenda kuwafundisha watoto kuuliza "kwa nini" aanze kuuliza kwa laptopu yake mwenyewe. Bisibisi ninayo, chumba mnakijua, njooni na mashine zenu tupime pamoja kabla hamjafuta kitu.

Naomba kutoa hoja.