Ngoma ya mheshimiwa, kidonge cha mgonjwa

Nenda shule yoyote ya sekondari siku ambayo waziri anatarajiwa. Ngoma zimetolewa stoo, zimefutwa vumbi na kuanikwa juani ngozi zikaze. Wanafunzi wamekosa vipindi wiki nzima wakijifua kumlaki mgeni. Mheshimiwa atashuka kwenye gari, atacheza hatua mbili, atamtunza noti mpiga ngoma mdogo kuliko wote, na kamera zitafanya kazi yake. Akishaondoka, ngoma zinarudi stoo na kufuli linafungwa. Kesho yake binti wa kidato cha pili aliyefiwa na mama anaitwa ofisini kwa kuwa siku hizi hasikilizi darasani. Ataambiwa ajikaze. Asipojikaza, fimbo ipo.

Ugomvi wangu na sisi Watanzania uko hapo. Sanaa tunayo ya kumwaga, lakini tumeifanya pambo la shughuli za wakubwa, na wenye maumivu tumewafungia nje. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeandika sanaa na michezo kwa wino mzuri kabisa, halafu mtihani ukikaribia kipindi hicho ndicho cha kwanza kumegwa ili Hisabati ipate nafasi. Hospitali nayo ina kidonge, sindano na kitanda. Mgonjwa wa sonona akishameza dawa asubuhi anakaa kwenye benchi la wodi akitazama ukuta mpaka dawa ya jioni. Hiyo nayo tunaiita matibabu.

Sheria yetu ni ngumu zaidi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Jirani zetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikakitamka kuwa kinyume cha Katiba. Sisi bado tunamwona mtu aliyeshindwa kusema maumivu yake kuwa mtu wa kufunguliwa jalada. Nchi iliyoziba njia zote za kulia inashangaa watu wanapofia ndani kwa ndani.

Najua atakayeguna: muziki na tiba wapi na wapi, huo si uganga wa kienyeji? Muulizeni Mmarekani. Askari walioumia vitani walijaa hospitalini, wanamuziki wakaenda kuwapigia, madaktari wakaona wagonjwa wanabadilika, na mwaka 1944 chuo cha Michigan State kikaanzisha shahada ya tiba kwa muziki. Uingereza, mchoraji Adrian Hill alijiliwaza kwa kuchora akiwa amelazwa sanatoriamu kwa kifua kikuu, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Leo huko mtu hajiiti mtaalamu wa tiba kwa uchoraji, muziki au maigizo mpaka aandikishwe kisheria, kama mfiziotherapia. Na wakati wao wanafungua madarasa hayo, wamisionari wao walikuwa huku wakiwaambia bibi zetu kwamba ngoma ni ushetani. Bibi wakatupa ngoma. Sasa mjukuu wa yule mmisionari anarudi na projekta kutufundisha, hotelini, kwamba kupiga ngoma kwa pamoja kunapunguza msongo wa mawazo. Nasi tunapiga makofi na kusaini posho.

Ngoma za pepo za pwani zilikuwa na kasoro zake, na waganga wanaowafunga wagonjwa minyororo siwatetei hata kidogo. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Mwanamke aliyenyamazishwa nyumbani kwake anaugua, ndugu wanakusanyika, ngoma inapigwa usiku kucha, na kwa kinywa cha pepo anasema yote ambayo mke hawezi kusema. Anataka kanga, anataka marashi, anataka fulani aache kumtesa. Na mume anasikiliza, kwa sababu pepo hapigwi kofi. Ukitaka kuucheka ushirikina ule, ucheke. Mimi naona kikao ambacho mtu mmoja aliyevunjika alizungukwa na watu thelathini walioacha kazi zao kwa ajili yake. Niambieni kliniki gani ya leo inampa hayo.

Au twendeni Bukavu, Kongo, kwa Waswahili wenzetu wa Kivu. Katika Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dakta Denis Mukwege mwaka 1999, wanawake walionajisiwa vitani wanaingia chumba cha kurekodi pamoja na mwanasaikolojia na mtayarishaji wa muziki. Hakuna anayewasomea hotuba. Wanatunga wenyewe, mstari kwa mstari; aliyeshindwa kueleza kisa chake kwa maneno ya kawaida anakipata kwenye kiitikio, na wenzake wanamwitikia. Wimbo ukikamilika unarekodiwa sawasawa, kwa vipaza sauti vya maana, kisha unapigwa redioni. Mle ndani wanaitwa wasanii. Mwanamke ambaye kijiji kilimnyooshea kidole anasikia sauti yake redioni akiwa jikoni, na majirani nao wanaisikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu wanawake waliopitia programu hiyo Kivu Kusini ulikuta dalili za wasiwasi, sonona na kiwewe zimepungua. Haya yametokea kwenye eneo la vita. Sisi tulio kwenye amani kisingizio chetu ni kipi?

Sisemi watu watupe vidonge. Mwenye skizofrenia anayeachishwa dawa ili acheze ngoma anaharibiwa, na anayemwachisha ashtakiwe. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2017 yalisema jambo la kiasi: tiba kwa muziki ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida, dalili za sonona zinapungua zaidi, walau kwa muda mfupi. Ikiongezwa, jamani. Kazi ya nyongeza hiyo inahitaji mtu anayeijua, kwa sababu mchoro unaweza kufukua kidonda ambacho mchoraji mwenyewe hakujua kipo.

Ndiyo maana nawaka zaidi ninapowaona hawa wa warsha za siku mbili. Wanakuja na penseli za rangi na fulana zenye nembo ya mfadhili, wanamwambia mtoto aliyebakwa achore nyumba yao, mtoto anachora, anaanza kutetemeka, wao wanapiga picha ya ripoti. Jumamosi wanaondoka. Mtoto anabaki na mchoro wake na usiku wake. Kufukua bila kufukia ni ukatili, hata ukiandikiwa andiko la mradi.

Watu wa kufundishwa kazi hii tunao. Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa ya serikali tangu mwaka 1981, inayotoa wapiga marimba, wachezaji, waigizaji na wachoraji. Wengi wao ninaokutana nao wanatumbuiza watalii hotelini au kusubiri harusi. Kilomita sitini na kitu kutoka hapo, Muhimbili wanasomesha wauguzi na madaktari wa afya ya akili. Kijana wa Bagamoyo akiongezewa mafunzo ya saikolojia na mazoezi ya wodini chini ya usimamizi, tuna mtaalamu. Nionyesheni tangazo moja tu la ajira serikalini linalomtaka mtu wa namna hiyo.

Hospitali ya afya ya akili ya Mirembe ipo Dodoma, mji uleule mnaokaa, waheshimiwa wabunge, na watoto mitaani wanalitumia jina lake kutukanana mbele yenu. Bajeti ya afya ikiletwa, msiulize tamasha gani limeandaliwa kwa Siku ya Afya ya Akili. Ulizeni ni mishahara mingapi ya wataalamu wa tiba kwa sanaa imo kwenye kasma. Waziri akianza kuwasimulia jinsi alivyochezewa ngoma mkoani, shikeni shilingi.